Tofali Lililozama

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki. Ya pili ilimpita sikioni kwa mluzi.

Nyigu hakupunguza mwendo.

Aliilaza Yamaha ubavu, goti likakaribia kusugua lami, akajificha nyuma ya basi la wafanyakazi, kisha akachomoza upande wa pili. Lori jeupe lilikuwa mbele yake, likiyumba. Juu ya shehena alikaa mwanamume mwenye bunduki aina ya AK, miguu kaitanua, akimwaga risasi kama anayemwagilia bustani.

Amri ya asubuhi ilikuwa fupi: "Lori jeupe. Lisivuke daraja."

Hakuambiwa limebeba nini. Kwa macho aliona matofali tu: meupe, makubwa kama mito ya kulalia, yamepangwa na kufungwa mikanda.

Jina lake halisi lilifungiwa kwenye kabati la chuma ambalo funguo zake wanazo watu wawili. Kazini walimwita Nyigu, kwa kiuno chake chembamba na kwa kuwa hakuwahi kumuuma mtu mara moja akatosheka. Nyumbani walijua anauza bima.

Daraja likaonekana.

Alichomoa bastola yake ya Glock kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye mafuta, akalenga, akafyatua.

Mwenye AK alishika koo lake kwa mikono miwili, akaporomoka barabarani kama gunia. Nyigu alimkwepa kwa upana wa kiganja. Akalenga tena, chini zaidi. Tairi la nyuma likapasuka. Lori likalala upande, likaparua ukingo wa daraja, likauvunja, likatumbukia mtoni kichwa mbele.

Nyigu alifunga breki. Pikipiki ikamtupa pembeni, ikaendelea na safari yake peke yake, ikalifuata lori majini. Bastola nayo ikaenda.

Alisimama, akatema damu, akachungulia chini.

Matofali yalikuwa yanaelea.

Hilo halikumshangaza. Aliwahi kuliona nyumbani kwa kaka yake. Wifi yake alitumbukiza tofali kama lile kwenye beseni la maji mbele ya wageni, likakaa juu kama bata, na watu wazima wakapiga makofi. "Zege hilo," wifi yake alijigamba. "Zege tupu, ila limejaa hewa. Halijachomwa kwa kuni hata kijiti."

Sasa mto mzima ulijaa bata weupe. Halafu akaona tofali moja likipinduka, likatoa mapovu mawili, likazama.

La pili likazama. La tatu.

Zege la hewa halizami.

Nyigu aliruka.

Maji yalikuwa baridi na ya udongo. Alipapasa chini, akalikumbatia tofali moja, akalivuta hadi kwenye matope ya ukingoni. Alichomoa kisu buti­ni, akachimba. Tofali lilikubali kisu kama mkate mkavu. Ndani, kwenye tundu lililozibwa kwa ustadi, kulikuwa na donge la njano laini, limefungwa kwa nailoni. Juu yake, kisimu kidogo na nyaya mbili.

Bomu. Tofali zima lilikuwa bomu.

"Nisaidie!"

Dereva alikuwa bado yu hai. Alikuwa katikati ya mto, amekumbatia tofali moja jepesi kama mtoto aliyekumbatia mgongo wa mama yake. Nyigu aliogelea mpaka kwake.

"Sijui kuogelea, dada!"

"Basi zungumza haraka."

Alilinyakua tofali. Dereva akaenda chini, akarudi juu akikohoa, macho yamemtoka. Nyigu alimshika nywele.

"Mlikuwa mnayapeleka wapi?"

"Kuyatupa! Ng'ambo huko! Haya ni mabaki tu!"

"Mabaki ya nini?"

Dereva akafunga mdomo. Nyigu akaachia nywele. Safari hii alimwacha kidogo zaidi. Aliporudi juu, maneno yalimtoka pamoja na maji.

"Mengine yameshajengewa! Hospitali mpya ya watoto! Ukutani mwa ukumbi! Yanalipuka leo, leo adhuhuri, nakuapia kwa mama yangu!"

Nyigu alimpa tofali lake.

"Likumbatie vizuri," alisema. "Polisi wanakuja."

* * *

Simu yake haikuogopa maji. Mkuu alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Nyigu."

"Mkuu. Lori liko mtoni."

"Nilisema lisivuke daraja. Sikusema ulizamishe."

"Halikuvuka."

Alimweleza alichokiona. Upande wa pili kiti kikalia, Mkuu akisimama.

"Ukumbi huo una mawaziri wa nchi tatu," alisema Mkuu. "Wanatia saini mkataba. Hakuna jengo la serikali litakalojengwa tena kwa matofali ya kuchomwa kwa kuni. Wenye matanuri na wakata misitu wametumia miaka kuuzuia. Na ukumbi wenyewe umejengwa kwa matofali ya hewa, kwa makusudi, ili kila mtu aone."

"Ukiwaangukia vichwani, watu watasema tofali la hewa limeua."

"Na hakuna atakayeligusa tena. Wodi imepakana na ukumbi, Nyigu. Watoto wameshahamishiwa humo."

"Tuwatoe basi."

"Bomu la simu lina mtu anayelitazama. Akiona watu wanakimbia, anapiga. Kwanza tumjue ni nani." Mkuu alikohoa. "Lori lilitoka kiwandani kwa ruhusa ya mhandisi mkuu. Simu yake imezimwa tangu jana."

Nyigu alikamua maji kwenye shati.

"Mhandisi mkuu ni wifi yangu."

"Najua. Ukimkuta na hatia?"

"Nitamkamata."

"Akigoma?"

"Mkuu, muda unakwenda."

Alikata simu, akasimama katikati ya barabara mbele ya gari la kwanza lililotokea, akainua kitambulisho kilicholowa. Mwenye gari alitazama kitambulisho, akatazama damu, akashuka mwenyewe bila kuulizwa.

* * *

Kiwanda kilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa wamepewa mapumziko waende kwenye sherehe. Lakini bomba la moshi la bwela, mtambo wa kuchemshia mvuke, lilikuwa linafuka.

Nyigu aliingia kupitia dirisha la choo.

Ukumbi wa kiwanda ulikuwa mrefu kama uwanja. Upande mmoja, maghala ya mchanga na chokaa. Katikati, vyano vikubwa vya chuma vilivyojaa uji wa kijivu. Unga wa alumini ulishafanya kazi yake ndani ya uji ule, na uji ulikuwa unaumuka taratibu wenyewe, ukitoa mapovu, kama unga wa mkate uliotiwa hamira. Mbele yake, mashine ya kukatia: fremu ya chuma yenye nyaya nyembamba zilizokazwa, tayari kushuka juu ya donge lililoumuka na kulichana matofali. Na mwisho kabisa, tangi la mvuke. Refu kama behewa, mlango wake mnene wa duara, gurudumu la kufungia katikati. Humo matofali huiva kwa mvuke mkali mpaka yanakuwa magumu.

Kitu kilikuwa kinagonga ndani ya tangi.

Nyigu alisimama kusikiliza. Kilikuwa kiganja cha mtu.

Alikimbia. Alifika nusu ya njia.

Mtaimbo ulimpata ubavuni. Alisikia ubavu ukisema "ka!" kabla hajasikia maumivu. Alianguka, akabingirika, na mtaimbo wa pili ukachimba sakafu pale kilipokuwa kichwa chake.

Aliyeushika alikuwa pandikizi la mtu. Shingo hana, mabega mlango mzima. Kiwandani kote walimwita hivyo hivyo, Pandikizi, na yeye aliitika kwa fahari.

"Umepotea njia, dada," alisema Pandikizi. "Leo kiwanda kimefungwa."

"Mbona unapika?"

Pandikizi alicheka. "Jikoni kuna mgeni wa heshima. Ukitaka nikuunganishe naye, pishi ni moja."

Akashambulia. Nyigu aliinama, akampiga ngumi mbili za figo. Ilikuwa kama kupiga ukuta, na si ukuta wa hewa. Pandikizi alimshika shati, akamwinua, akambwaga juu ya mifuko ya chokaa. Mfuko ukapasuka. Nyigu hakuona nyota; aliona unga mweupe.

Alijaza viganja viwili.

Mtaimbo ulipopanda, alimmwagia wote machoni.

Chokaa ya kiwandani inaunguza. Pandikizi alipiga ukelele wa ng'ombe, akaachia mtaimbo, akajifikicha, na kadiri alivyojifikicha ndivyo ilivyozidi kumla. Alirudi nyuma, mikono ikipapasa hewa. Kisigino chake kikakwama kwenye reli. Akaangukia chali juu ya donge laini chini ya nyaya, likamshika mgongo na mapaja, likamvuta.

"Niko wapi?" alibweka. "Nitoe! Nimesema nitoe!"

Mkono wake ulishika kitu cha kujivutia. Ulikuwa mpini wa kuendeshea mashine.

Fremu ikashuka.

Nyigu aligeuza uso. Ukelele ulikatika ghafla. Alipotazama tena, nyaya zilikuwa zimefika chini, na donge zima, lililochanwa sawasawa, lilikuwa linageuka jekundu polepole kutoka katikati kwenda kingoni.

Hakukaa kulitazama.

Alifunga mvuke kwenye bwela. Alivuta vali ya juu ya tangi, nayo ikapuliza kwa kishindo mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Aligonga mlango kwa mtaimbo.

"Subiri! Nikiufungua sasa tutakufa wote!"

Sindano ya kipimo ilishuka kwa uvivu wa makusudi. Ilipogusa sifuri alizungusha gurudumu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mlango ukafunguka. Wingu la joto likatoka, na ndani yake, kwa magoti, mwanamke aliyejifunika koti lililolowa. Mikono yake ilikuwa imevimba malengelenge. Uso ulikuwa mwekundu kama aliyetoka kutukanwa.

Alimtazama Nyigu. Akatazama damu. Akatazama mtaimbo.

"Wifi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Wewe si unauza bima?"

"Nauza. Unaweza kutembea?"

* * *

Hilux ya kiwanda ilitoka getini na nusu ya geti. Nyigu aliendesha. Mhandisi aliweka mikono yake kwenye ndoo ya maji baina ya miguu, akazungumza huku meno yakigongana.

"Ni Mshauri," alisema. "Yule mgeni. Miaka miwili anakunywa chai ofisini kwangu, anazungumza lugha yetu kuliko sisi. Alisema anatusaidia kupata soko. Jana nilinyanyua tofali moja ghalani, likawa zito. Tofali langu nalinyanyua kwa mkono mmoja, wifi. Nikamwita aje aone, mjinga mimi! Nikamwita yeye."

"Yako mangapi ukutani?"

"Alijitamba mbele yangu huku Pandikizi akinifungia tangini. Manne. Ukuta wa nyuma, unaobeba paa."

"Tutayajuaje? Ukuta umepigwa plasta."

Mhandisi alionyesha kwa kidevu boksi la njano lililokuwa kwenye kiti cha nyuma. "Kamera ya joto. Huwa nawaonyeshea wateja jinsi tofali la hewa linavyozuia jua. Ukuta wote utaonekana rangi moja. Palipojazwa kitu kingine, joto litapita tofauti. Patajionyesha penyewe."

"Na kuyatoa?"

"Kwa msumeno wa mbao. Zege hili linakatwa kama ubao." Alimgeukia Nyigu. "Tangu lini, wifi?"

"Kabla hujaolewa."

"Kaka yako anajua?"

"Kaka yangu hawezi kutunza siri hata ya zawadi uliyomnunulia yeye mwenyewe."

Mhandisi alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akakimeza.

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye simu. "Nyigu, mtegua mabomu yuko mlango wa nyuma wa hospitali. Amevaa kama fundi bomba."

"Mhandisi anakuja kwake. Hana hatia, Mkuu. Wasipige ving'ora."

"Na mwenye simu?"

Hospitali ilikuwa imeshatokea mbele yao, na Nyigu alikuwa ameshamwona.

Mbele ya hospitali, ng'ambo ya barabara, palikuwa na sehemu ya kuoshea magari. Magari matatu yalikuwa na mapovu. La nne, Land Cruiser nyeusi yenye vioo vya giza, lilikuwa safi linameta, na hakuna aliyeligusa. Lilielekea mlango mkuu wa hospitali.

"Anaosha gari," Nyigu alisema.

* * *

Alichukua ndoo, sponji na aproni ya plastiki kwa muoshaji mmoja, akamwambia aende akanywe soda na asirudi. Mfukoni, ndani ya mfuko usiopitisha maji, alikuwa na kifaa chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Alikiwasha. Kilizuia mawimbi: hatua chache kutoka kilipo, simu zote huwa vipande vya plastiki.

Alikwenda kwenye Land Cruiser, akachovya sponji, akamwaga povu zito kioo kizima cha mbele.

Ndani mtu alipiga honi.

Nyigu alisugua kwa bidii. Povu likaongezeka. Nyuma yake, kupitia mlango mkuu, wauguzi walikuwa wanatoka na watoto mikononi, upesi, bila kelele. Mtoto mmoja alikuwa na chupa ya dripu inayomning'inia kichwani, imeshikwa na waziri mwenye suti.

Honi tena. Nyigu akahamia kioo cha pembeni.

Kioo kikashuka.

Mshauri alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sura ya mwalimu mwema. Darubini mapajani. Simu mkononi.

"Mama, sikuomba kuoshewa! Nani amekutuma?"

"Serikali," alisema Nyigu.

Ngumi ilimpata Mshauri puani. Lakini hakuwa mwalimu. Kidole chake gumba kilishabonyeza simu. Kimya. Akabonyeza tena. Alimtazama Nyigu, akaelewa, na mkono wa pili ukatoka chini ya kiti na bastola.

Risasi ilipenya mlango wa gari. Nyigu alihisi pigo kwenye nyonga, kama teke la punda, akaona vipande vya plastiki na nyaya vikimwagika kutoka mfukoni mwake.

Kifaa kilikuwa kimekufa badala yake.

Simu ya Mshauri ikalia "ting". Mawimbi yamerudi.

Alitabasamu, damu ikimchuruzika kwenye meno.

Nyigu alifungua mlango kwa nguvu zote, akauvuta mkono wenye simu nje ya gari, akaubamiza mlango. Mfupa ulivunjika. Mshauri alipiga yowe na kufyatua ovyo. Paa la gari likatoboka, taa ya mbele ya gari jirani ikapasuka, waoshaji wakalala chini. Nyigu akabamiza tena. Na tena. Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Simu ikadondoka ndani ya ndoo ya sabuni.

Lakini kioo chake, kikizama, kilikuwa kimeandika: *Inapiga.*

Nyuma ya hospitali, ardhi iliruka.

Mlipuko ulisukuma hewa kama kofi. Wingu jeupe lilipanda juu ya paa, likatanuka, likafunika anga.

Nyigu hakukumbuka bastola iliyokuwa bado mkononi mwa mtu. Ilimkumbusha yenyewe, risasi iliparua bega lake. Aliingiza mkono dirishani, akaushika mkanda wa gari, akauzungusha shingoni mwa Mshauri mara mbili, akavuta mpaka bastola ilipoanguka na macho yake yakageuka. Halafu akaachia. Alimtaka hai. Alimfunga kwa mkanda ule ule, akapiga kichwa chake kwenye usukani kwa ajili ya mikono ya wifi yake, na honi ikalia mfululizo.

Akakimbia.

Alipita ukumbi. Paa lilikuwa juu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama na matundu manne ya mraba, safi, mwanga wa mchana ukipita. Nje yake, uwanja wa mafundi ulikuwa mweupe wote kama uliomwagiwa unga wa ngano. Palipokuwa na rundo refu la matofali ya akiba, palibaki kilima cha vumbi.

"Wifi!"

Alikizunguka kilima.

"Wifi!"

Alianza kuchimba kwa mikono. Vumbi lilimwingia kooni. Alishika kitu, kikawa buti. Mwenye buti alikohoa, akajitokeza: mtegua mabomu, mweupe kama mzuka. Chini yake, aliyelindwa kwa mwili wake, alikuwa Mhandisi. Macho yake mawili tu ndiyo yaliyokuwa na rangi.

"Matatu nilikata nyaya zake," alisema mtegua mabomu, akipiga kelele kwa sababu masikio yalimziba. "La nne lilianza kulia mikononi mwangu! Nikalitupa nyuma ya rundo. Huyu mama ndiye aliyenivuta huku upande wa pili."

Mhandisi alikuwa anatazama kilima cha vumbi.

"Yamepondeka," alisema polepole. "Umeona? Tofali la kuchomwa lingerushwa vipande, vingetukata. Haya yamepondeka, yakalimeza." Akageuka. "Mbona umelowa damu?"

"Ajali kazini."

"Nani kakusababishia?"

"Yupo garini. Hana mkono mmoja wa kunywea chai."

Mhandisi alinyoosha mikono yake iliyovimba, hakuweza kumshika, akaegemeza paji la uso wake kwenye bega zima la Nyigu. Walikaa hivyo. Mtegua mabomu alitazama pembeni kwa adabu.

"Watoto?" Mhandisi aliuliza.

"Wote nje."

Upande wa mbele sauti zilianza kusikika. Mawaziri walikuwa wameomba meza itolewe nje. Mmoja alikuwa anasema kwa hasira, suti yake imejaa vumbi, kwamba hawaondoki mpaka watie saini, na kwamba kama kuna mtu bado anadai ukuta huu ni wa hewa, aje aupige kichwa. Watu walipiga makofi. Mtoto mwenye dripu alikuwa amelala begani kwa muuguzi.

Simu yake ililia.

"Nyigu, hali?"

"Ukuta umesimama, Mkuu. Mshauri ni wenu. Mleteeni daktari wa mifupa."

"Na wewe?"

"Nahitaji kuoga."

Alimwacha wifi yake kwa wauguzi, akaelekea getini, akichechemea kidogo, mweupe toka utosini hadi kwenye soli, mistari miwili myekundu ikimtiririka ubavuni. Waandishi wa habari walimpita wakikimbia na kamera zao. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Mlinzi wa geti alimzuia kwa fimbo.

"Wewe fundi," alisema. "Huoni kuna wakubwa hapa? Mafundi wanapitia mlango wa nyuma."

"Samahani, kaka," alisema Nyigu.

Akageuka, akapitia mlango wa nyuma.